Mtumbwi wa Tatu Uani kwa Mama Bolumbu

Tangu nirudi kutoka Lomami sijashona kitu kwa amani. Kila anayeleta suruali ya kupunguzwa pindo anakaa kwanza kwenye benchi langu, anavuta pumzi, kisha anauliza, "Kalisti, ni kweli?" Nyote mmesikia nusu ya habari, tena mmeisikia kwa Bonifasi, ambaye hawezi kuisimulia bila kufuta machozi ya kicheko. Nimeamua kuiandika yote ili anayetaka kunicheka anicheke mara moja, kisha aniache na cherehani yangu. Mambo ya karatasi za ruhusa na foleni za ofisini nayaruka, mnayajua wenyewe.

Bonifasi ni karani wa ghala la mchele na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kwao ni Yanonge, watu wa mtoni, wavuvi tangu babu. Krismasi iliyopita alimwona msichana aitwaye Terezia hapa Kisangani, kwa shangazi yake. Alimwona mara mbili tu. Baadaye zikapita barua tatu, zote zikisomwa na shangazi kabla ya kufika, na Bonifasi akaamua kwamba ni huyo au hakuna. Mama yake Terezia ni Mama Bolumbu, mjane anayekaa kijijini kando ya Lomami, chini kidogo ya Opala. Kazi yake ni kupika kasikisi, pombe ya ndizi, na wasafiri wa mto ule huisifu kama wengine wanavyosifu watoto wao.

Kwenye nyumba ile neno la ndoa halifunguliwi kwa mdomo mkavu. Mama wa binti anapika pombe maalum ya siku ile, mchumba anakaa kimya, na anayesema ni mshenga. Bonifasi akaniomba niwe mshenga. Niliwaambia nyote kwamba amenichagua kwa sababu ya ulimi wangu. Ulimi wenyewe mnaujua, ule ninaojivunia kwamba nikionja pombe mara moja namtaja aliyeipika. Nilipanga kwenda kuona kiwanda cha Mama Bolumbu kwa macho yangu, nionje, nirudi niwafundishe. Ndani ya meli Bonifasi aliniambia kwamba kabla yangu alikuwa amewaomba watu wanne.

Kisangani hadi Yanonge

Meli ilichelewa saa tatu ikingoja sanduku moja la mzungu. Lilipofika, wakalibeba watu wawili kwa heshima kubwa, likajigonga kwenye ngazi, tukasikia kwamba ni chupa tupu.

Tulikaa sitahani kati ya magunia ya chumvi na akina mama wa sokoni. Mimi nilikuwa na sanduku langu, na ndani yake suti nyeupe ya drili niliyoishona kwa wiki mbili kwa ajili ya siku ya maneno. Mvua ilipotushukia, nilivua koti langu la mvua nikalifunika sanduku. Suti ilifika kavu kabisa. Mimi nilifika na mafua yaliyoziba pua zote mbili, na hayakunitoka mpaka safari ilipokwisha.

Karibu nami alikaa mama mmoja mwenye kapu la samaki wa kukausha. Nilimweleza habari za pombe. Nilimweleza tofauti ya kasikisi na malafu, pombe ya mchikichi, kwa nini ndizi zifukiwe shimoni, na kwa nini wanawake wengi wanakosea kwenye unga. Alinisikiliza vizuri, akitikisa kichwa, hata akanimegea samaki. Tulipokaribia Yanonge akafunga kapu lake.

"Asante, papa," akasema. "Miye napika kasikisi tangu miaka makumi mbili. Sikuyua kama kazi yake iko nguvu hivi."

Bonifasi alijifanya anaangalia mto.

Yanonge tulishuka kunyoosha miguu. Kwenye mchanga kulikuwa na mtumbwi mmoja umefungwa, mvua imeujaza maji hadi kwenye viti. Niliupita. Nilipogeuka, Bonifasi, karani na tai yake shingoni, alikuwa ameinama anachota maji kwa kibuyu kilichoelea mle ndani.

"Ni wa ndugu yako?" nikauliza.

"Sijue ni ya nani."

"Sasa?"

Akanitazama kama vile nimemtukana mtu. "Bon, Kalisti, unaona bwato ya mutu iko na maji, unapita tu? Maji ikikaa ndani, bwato inaoza. Mwenyewe anaweza kuwa muzee, ao mugonjwa. Kwetu mutoto akipita hivi anapigwa. Na kule tunaenda, batu bataangalia ile kwanza, mbele ya maneno yako yote ya kizuri."

Bwato ndiyo mtumbwi kwa lugha ya mtoni. Mimi nimezaliwa Kasongo na kukulia mjini, na mtumbwi kwangu ni kitu cha kupanda na kushuka. Niliona haya, na niliamua kujirekebisha. Laiti angenipiga tu kama mtoto wa kwao, yangeishia pale.

Yangambi, siku mbili ambazo hatukuzitaka

Chombo cha kutupeleka Isangi kilikuwa kimeharibika, tukaambiwa tungoje. Tulipata mahali pa kulala kwa Papa Mateo, mfanyakazi wa mashamba ya utafiti, mtu mpole anayetembea na kalamu mbili mfukoni. Mke wake alitupikia lituma, ndizi za kupondwa na mafuta ya mawese, na samaki wa liboke aliyetoka kwenye majani akiwa bado anatoa mvuke. Nilikula nikasahau mafua.

Siku ya pili, katika kuzunguka, niliingia kwenye kibanda kimoja nikakuta vichane vya ndizi vimetundikwa safi, kila kimoja na kijibati chenye namba. Nilidhani ni duka. Nilingoja mwenye duka. Hakuja. Ndizi moja ilikuwa imeiva vizuri mno, nikaila, nikatafuta mtu wa kumshukuru.

Aliyekuja alikuwa Papa Mateo na daftari lake. Alikiangalia kichane, akaniangalia mimi, akaangalia ganda mkononi mwangu.

"Mutoto yangu," akasema kwa sauti ya msiba, "ile tunaipima tangu ilikuwa mauwa."

Hakunigombeza. Alikaa chini, akafungua daftari, akaandika kitu mbele ya namba ile. Nilimwuliza ameandika nini. Akaniambia, "Nyani." Kisha akaniomba nisirudi kibandani. Mtu mwenye akili angejifunza pale kwamba kabla hujagusa kitu cha watu unauliza. Mimi nilijifunza kwamba ndizi za Yangambi ni tamu.

Isangi, na kuupanda Lomami

Kutoka Isangi tulipata mtumbwi mkubwa wenye wapiga kasia wawili, binamu za Terezia, waliotumwa kutuchukua. Maji yalikuwa juu. Mto ulikuwa umeingia hadi kwenye migomba, na kila kijiji tulichopita kilikuwa kimevuta mitumbwi yake mpaka uani, kando ya nyumba, isije ikachukuliwa na maji.

Nilianza kazi yangu mpya. Kila tuliposimama, kabla hata ya kusalimu, nilitafuta mtumbwi wenye maji nikauchota. Kijiji cha kwanza wapiga kasia walitazamana. Cha pili mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Weye ni mutu ya Lomami kabisa." Kuanzia hapo sikushikika. Bonifasi mwenyewe alinisifu, jambo ambalo halitokei mara kwa mara, na nikawa nalala usingizi wa mtu aliyeokoa mbao za mkoa mzima.

Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba yangu. Nilisimama mbele ya mtumbwi, mkono mmoja juu, nikiwaambia miti ya ng'ambo kwamba tumekuja kutafuta ua katika bustani yao. Kwenye bandari moja wanawake waliokuwa wakifua waliacha nguo, wakapiga ishara ya msalaba, na mmoja akaingia majini hadi magotini akiwa amenyanyua mtoto mchanga. Aliomba nimbatize. Nilimweleza kwamba mimi ni fundi wa nguo. Akaniuliza sasa nilikuwa napiga kelele za nini. Bonifasi alitoa pipi mfukoni akampa mtoto wake mkubwa aliyekuwa ukingoni, tukaondoka upesi.

Siku hizo Bonifasi alizungumza kidogo. Likizo yake ilikuwa ya kuhesabu, na mkuu wake wa ghala alikuwa amemwambia wazi kwamba akichelewa atakuta mtu mwingine mezani pake. Lakini kilichomnyima raha kilikuwa kingine. "Barua tatu tu, Kalisti," aliniambia jioni moja tukila kwanga, ule mkate wa muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi. "Kama mama yake anakataa, sina mulango ingine. Na kama anakubali, ule binti hanijui. Atanikubali juu ya kuogopa mama tu." Nilimwambia aniachie mimi, maana nilikuwa na hotuba.

Kwa Mama Bolumbu

Tulifika alasiri. Mama Bolumbu ni mwanamke mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyebeba ndizi maisha yake yote, na hasemi neno mpaka amelipima. Alitupokea vizuri, akatupa maji, akatuuliza habari za mto. Kaka yake, Alfonsi, ambaye wote wanamwita Tonton, yaani mjomba, ndiye msemaji wa upande wao. Ni katekista, anajua sala zote za misa, ila kwenye mambo ya pombe na ndoa anawasikiliza zaidi mababu. Terezia alitusalimu akiwa amepiga goti kidogo, akarudi jikoni. Nilimwona kidogo sana. Msichana mrefu, kimya, macho yanayoangalia kitu mpaka mwisho wake.

Mimi niliomba kuona kiwanda. Mama Bolumbu akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na mashimo mawili yaliyotandikwa majani, na juu yake udongo, na pembeni tundu la kupitishia moshi. Shimo moja lilikuwa tupu, la pili limejaa ndizi zinazoivishwa kwa ajili ya soko la Opala. Alinieleza kwa maneno machache: ndizi zinaiva shimoni siku tano, zinamenywa, zinakanyagwa pamoja na majani makavu mpaka maji yatoke, maji yanachujwa, yanatiwa unga wa mahindi ya kukaanga, kisha yanalala.

"Na pombe ya kesho, Mama, iko wapi?" nikauliza.

"Inalala," akasema. "Pombe ya maneno hatuonyeshe mutu mbele ya siku yake. Inafungua na mikono yangu, kesho, mbele ya bote."

Nilitikisa kichwa kama mtu ambaye angeshangaa kusikia vingine. Kwetu Kasongo pombe hulala mitungini, ndani ya nyumba, kwa hiyo nilijua kwa hakika kwamba kuna mitungi mahali fulani ndani. Hakuna aliyeniambia vingine kwa sababu sikumwuliza mtu. Mtu mwenye sifa ya ulimi haulizi maswali ya kitoto.

Usiku mvua kubwa ilinyesha. Niliamka alfajiri, pua zimeziba, nikatoka nje na kaptula yangu ya zamani. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mto. Uani, kando ya maji, nikaona mitumbwi mitatu imevutwa juu kwa mstari. Miwili ilikuwa wazi na imejaa mvua. Moyo ulinidunda kwa furaha, nasema kweli. Siku ya maneno ndiyo hii, nikajisemea, na mama wa nyumba akiamka atakuta mshenga amekwisha kuitunza mali yake.

Nilichota wa kwanza. Nikachota wa pili. Nikafika wa tatu, ambao ulikuwa wa zamani, umezibwa nyufa kwa nta, uko chini ya kipaa cha majani na juu yake umefunikwa majani ya mgomba. Nilifunua. Maji yalikuwa mengi kuliko yote, mazito kidogo, yana povu na takataka. Nikaona kipaa kimevuja, na uchafu wa paa umeingia humo. Nikaona pia kwamba huu, kwa uzee wake, ndio uliohitaji msaada zaidi. Kulikuwa na kata nzuri ya mbao pembeni, nikaitumia. Nilichota mpaka jasho likanitoka. Kilichobaki chini nilikipangusa kwa fungu la majani, halafu nikarudisha majani ya mgomba juu yake, moja moja, nikiyapanga vizuri kuliko nilivyoyakuta. Ardhi yote ilikuwa imelowa mvua, kwa hiyo hayakuonekana matone niliyodondosha. Moshi ulikuwa umeanza kutoka jikoni. Nikarudi kulala kidogo, nimeridhika.

Siku ya maneno

Walikuja watu kama thelathini. Wazee walikaa upande wa kipaa, wanawake upande wa jikoni. Nilivaa suti yangu nyeupe, na nilisikia mtu akiuliza kama mimi ni daktari. Bonifasi alikaa karibu nami, mikono magotini, amenyamaza kama desturi inavyotaka, ila nilisikia anavyopumua.

Nilisimama nikasema. Sitawaandikia hotuba yote. Ilikuwa ndefu, ilikuwa na ua na bustani, na mwishoni niliongeza kipande cha kwangu mwenyewe kuhusu ulimi wangu, kwamba nimetoka Kisangani mpaka Lomami kwa sababu ulimi huu haukubali kufa bila kuonja kazi ya mikono ya Mama Bolumbu. Watu waliguna kwa heshima. Mama Bolumbu akainuka, akachukua kata, ile ya mbao, akaenda kwenye mtumbwi wa tatu.

Kabla hajafunua nilikuwa nimeshajua. Aliondoa jani la kwanza, la pili, akabaki ameinama. Akapitisha mkono ndani ya mtumbwi, akautazama. Kisha akaondoa majani yote, watu wote wakaona mbao zilizolowa na punje chache za unga.

Tonton Alfonsi aliinuka, akautazama mtumbwi juu na chini, akatafuta ufa, hakuuona. Akatafuta nyayo, miguu ya wageni ilikuwa imekwisha kuzikanyaga.

"Bwato haikupasuka," akasema polepole. "Majani iko vile vile. Pombe ya mutoto yetu imekauka usiku moja. Ndugu zangu, bale bakubwa balilala bamekataa. Neno hii hatufungue. Musifunge miguu ya bageni, baende na amani."

Bonifasi hakusogea. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu. Alikuwa amekatazwa kusema, na mtu wa kumsemea nilikuwa mimi.

Sasa nitawaambia ukweli ambao Bonifasi hausimulii kwa kuwa haujui. Nilifikiri kunyamaza. Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mshenga ni uso wa mchumba, na nikisema mimi ndiye, basi uso wa Bonifasi ni wa mjinga mbele ya watu thelathini, na wangeweza kumkataa kwa hilo pia. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Lakini kweli yenyewe ni kwamba niliogopa kuchekwa nikiwa na suti nyeupe. Nikamtazama tena Bonifasi, nikaona anajaribu kufunga kifungo cha koti ambacho kimeshafungwa. Nikasimama.

"Tonton," nikasema, "mababu hawakukataa kitu. Ni mimi."

"Weye nini?"

"Nimechota. Alfajiri. Nilidhani ni maji ya mvua."

Mama Bolumbu akaniangalia. "Ulichota na nini?"

"Na hiyo kata, Mama."

"Ulimwanga wapi?"

"Mtoni."

"Yote?"

"Yote. Hata nikapangusa."

Mahali fulani upande wa jikoni mwanamke mmoja mzee alitoa sauti ya kuku anayetaka kutaga. Tonton Alfonsi akainua mkono kuwanyamazisha. "Mutu anaweza kuchota pombe na asisikie harufu?"

Nilimwonyesha pua yangu. Nikamweleza mvua ya Yanonge, koti la mvua na suti. Nikamweleza jinsi Bonifasi alivyochota mtumbwi wa mtu asiyemjua, na alivyonigombeza kwamba mtu hapiti mtumbwi wenye maji, na kwamba tangu siku ile sijaupita hata mmoja. Wale wapiga kasia wawili wakasema ni kweli, huyu bwana amechota kila bandari mpaka wao wakaanza kuona haya. Yule mzee mwanamke akaanza kucheka wazi, akafuatwa na wote, hata mimi nilikuwa karibu kucheka, ila nilikuwa nalia kidogo.

Mama Bolumbu hakucheka. Alimgeukia Bonifasi, akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu. Halafu akarudi kwangu.

"Bon," akasema. "Mababu banyamaze. Shimo ya pili iko na ndizi. Mwenye alichota ndiye atajaza. Siku ine, alafu tutasema."

Siku nne

Asubuhi iliyofuata chombo cha kurudi Isangi kilipita, chombo pekee ambacho kingemfikisha Bonifasi ghalani kwa wakati. Kilipiga king'ora. Bonifasi alikuwa amesimama ukingoni na sanduku lake miguuni, na nilidhani ataondoka, na nisingemlaumu. Aliangalia mpaka kikazunguka kona ya mto. Kisha akabeba sanduku akalirudisha ndani.

Mimi nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Suti yangu pia iliguswa, na utomvu wa ndizi, kama mjuavyo, hautoki. Kisha nikaingia kwenye mtumbwi ule ule, miguu mitupu, nikakanyaga ndizi na majani makavu. Terezia alikuwa akinielekeza, maana kukanyaga ndiyo kazi yake nyumbani. Maneno yake yalikuwa mawili tu, "tena" na "pole pole". Baada ya saa moja mapaja yalitetemeka, nikateleza, nikakaa ndani ya ndizi hadi kiunoni. Watoto wa kijiji chote walikuwa wamekuja kuangalia.

Bonifasi alikuwa kwenye kigoda, na viatu vyake vya ngozi, anaandikia mkuu wake barua ya kuomba radhi. Alikuwa na haki, mchumba hafanyi kazi kwa wakwe kabla ya neno. Aliponiona nimekaa ndani ya ndizi alicheka, akaiweka barua. Akavua viatu, akakunja suruali niliyomshonea mwenyewe, akaingia. Hakumtazama Terezia, alinishika kwapani akaniinua, na tukakanyaga pamoja mpaka jioni, tukizozana nani anakanyaga vibaya. Siku zilizofuata alibeba maji, akachuja, akakaanga mahindi, akayaunguza, akaambiwa ayamwage, akakaanga tena. Jioni alikaa na Terezia na mama yake kwenye moto wa jikoni, na niliwasikia wakizungumza. Nami nilikatazwa kukaribia kitu chochote chenye maji.

Siku ya nne walikuja watu wengi kuliko mara ya kwanza, na sijui kwa nini. Hotuba yangu ilikuwa na sentensi mbili. Mama Bolumbu alifunua majani, pombe ilikuwepo, akachota, akanywa kwanza yeye, akampa Tonton Alfonsi, akanipa mimi. Nilikunywa ile kasikisi niliyosafiri nchi nzima kuionja, na kwa mafua yale sikusikia ladha yoyote. Nilisema ni nzuri sana. Kisha kikombe kikaenda kwa Terezia, maana desturi yao ni kwamba binti akinywa amekubali, akikirudisha kimejaa neno limekwisha. Alikishika kwa mikono miwili. Hakumtazama mama yake. Alimtazama Bonifasi, akanywa mpaka mwisho.

Kurudi

Ndoa ya kanisani itafanywa hapa mwezi ujao, na nyote mnajua kwamba mkuu wa ghala alimpokea Bonifasi kwa kelele za nusu saa na hakumfukuza. Kinachobaki ni kile ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyekisikia, na naandika kwa ruhusa ya aliyenisimulia, ambaye amesema atakuwa ameshamwambia Bonifasi kabla hamjasoma.

Siku ya kuondoka Bonifasi alikuwa akiagana na wazee. Mimi nilikuwa nimekwisha kukaa ndani ya mtumbwi, mikono nimeikunja, sigusi kitu. Terezia alikuja na kifurushi cha kwanga za njiani, akakiweka miguuni pangu, akabaki ameinama.

"Ile asubui nilikuona," akasema.

Sikuelewa. Nikamwuliza asubuhi gani.

"Ya mvua. Nilikuwa natia moto jikoni. Ulichota maji ya ile bwato mbili, nikafurahi. Ukafunua ile ya tatu."

"Ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Terezia, ilikuwa kazi ya mama yako."

"Ilikuwa miguu yangu," akasema. "Miye nilikanyaga." Akatazama kule Bonifasi alikokuwa, akicheka na Tonton Alfonsi. "Mutu niliona mara mbili. Anakuya, banakunywa siku moja, batu bote banafurahi, na miye naenda naye mpaka kufa. Nikaona weye unamwanga. Nikasema, acha amwange. Nitapata siku kidogo ya kumuona."

Nilikiokota kifurushi cha kwanga, nikakiweka mapajani. Nilikuwa nimekwisha kujisamehe kidogo, nikijiona mtu aliyesimama mbele ya watu thelathini akasema kweli.

"Na kama katika siku hizo ungeona hafai?" nikamwuliza.

"Ningerudisha kikombe."

"Wangeuliza sababu."

"Bangeuliza nini? Bote bangesema ni juu ya kosa ya mushenga."

Bonifasi alikuja, akapanda, mtumbwi ukayumba. Terezia akamwambia safari njema, akaweka mguu kwenye ukingo wa mtumbwi wetu, akausukuma majini.